Dozi tatu, na vidonda vya tumbo bado vinarudi

SWALI: Shikamoo daktari. Ni dereva wa bodaboda, miaka 34. Tumbo huniwaka juu ya kitovu nikiwa na njaa na usiku wa manane, nikila linatulia. Ndani ya miaka miwili nimemaliza dozi tatu za vidonda vya tumbo, na kila nikipima damu naambiwa bakteria bado wapo. Pilipili na maharage nimeacha, nakunywa maziwa. Mgongo ukikaza nameza diklofenaki. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Maharage umeyaonea bure, na pilipili huwasha kidonda lakini haikichimbi. Kilichonishtua ni hiyo diklofenaki uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo. Dawa za jamii yake hupunguza ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, hata ukichomwa sindano. Iache. Kwa mgongo anza na parasetamoli.

Sasa hicho kipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na bakteria, si bakteria wenyewe wa vidonda vya tumbo, H. pylori, na kingamwili hubaki mwilini miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Huenda dozi ya pili na ya tatu ulizimeza bila sababu. Omba kipimo cha choo. Kabla yake kaa wiki 2 bila omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, na wiki 4 bila antibayotiki, la sivyo majibu yatadanganya.

Wakionekana, utapewa omeprazole pamoja na antibayotiki, kwa kawaida siku 14. Mtajie daktari dawa zote ulizowahi kupewa, maana bakteria hawa huzoea dawa, hasa antibayotiki iitwayo klarithromaisini. Hiyo ndiyo inayoacha uchungu mdomoni kama umelamba sarafu, na wengi huitupa siku ya tano maumivu yakipungua. Omeprazole imeze nusu saa kabla ya chai, si baada ya chapati. Ukimaliza dozi, subiri wiki 4 ndipo upime tena.

Maziwa kunywa ukiyapenda, ila si tiba: yanapoza kidogo, kisha yanalichochea tumbo kutoa asidi zaidi. Sigara, kama unavuta, ndiyo ya kuacha.

Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au tumbo likikaza ghafla kama ubao, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na usijiendeshe, mwenzako wa kijiweni akupeleke.