Re: Kitindamimba anaingia kidato cha sita
Mama mwenzangu, umeuliza kama ni kawaida kukosa usingizi kitindamimba anapoingia kidato cha sita. Kawaida kabisa. Wa kwanza wangu alipofika huko nilihangaikia ada tu, machozi sikuyakumbuka. Huyu wa tatu, Julai tukipanga vitu vyake, nikaona majina matatu ubavuni mwa tranka: la kaka yake limepakwa rangi lakini bado linasomeka, la dada yake limekwanguliwa kwa kisu, na lake jipya. Nikajifanya naenda chumbani kutafuta kufuli.

Halafu mwaka wenyewe ni mfupi. Anaanza Julai, Mei yuko kwenye mtihani wa taifa. Ukidhani sasa atatulia nyumbani, anaitwa mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), akitoka huko ni kuhangaikia chuo na mkopo. Kwa hiyo likizo ya Desemba usimjazie tuisheni yote. Wa pili nilimjazia, najuta mpaka leo, maana iliisha sijala naye mchana hata mara tatu.

Baba yao anasema tunakaribia kupumua ada. Juzi nimemkuta uani anaosha ndoo ya zamani ya mtoto, wala haikuwa chafu.