Kabla hujanunua nembo ya ukoo: niliyoyapata nikilifuata jina Pistor

Karatasi yenyewe bado ninayo. Imepakwa rangi ya chai ionekane kuukuu, ina ngao nyekundu na simba mmoja, na maandishi ya mapambo yasemayo kwamba ukoo wa Pistor ni wa mashujaa waliopanda farasi na kushika upanga. Niliinunua yuro 45 kwenye maonyesho fulani huku kaskazini mwa Italia, nikaifunga vizuri nikampa mama mkwe siku ya Krismasi. Akaisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akajishikiza kwenye meza. "Upanga? Labda kisu cha mkate."

Nilifedheheka. Lakini kicheko kile ndicho kilichonitia kwenye kazi hii, na kwa kuwa najua wako Waswahili wenzangu wengi walioolewa, waliooa au waliozaa na Waitaliano, kuanzia Malindi mpaka Milan, naandika nilichojifunza ili nyinyi msipoteze yuro 45.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi mkoa wa Treviso mwaka wa kumi na moja sasa. Jina Pistor si langu. Huku mwanamke akiolewa, pasipoti yake inabaki na jina la kwao. Ni la mume wangu, na ni la binti yetu, ambaye analibeba pamoja na la kwangu. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ya Italia iliamua kwamba mtoto apewe majina ya wazazi wote wawili, isipokuwa wenyewe wakubaliane vingine. Kabla ya hapo la baba lilipita moja kwa moja. Karani aliyeandika majina ya binti yangu aliniuliza la kwangu lina maana gani, nikamjibu ni la baba yangu. Nikamuuliza Pistor ni nini, akainua mabega.

Kwetu majina yanatembea. Una lako, la baba, la babu. Mtoto wako akizaliwa, la babu yako linadondoka. Kama babu alikuwa fundi seremala na mtaa mzima ukimwita Mzee Seremala, wajukuu wakibahatika watalikumbuka jina hilo, vilembwe hawatalijua. Italia jina liligandishwa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliomalizika mwaka 1563, uliwaagiza maparoko, yaani mapadre wanaosimamia parokia, waandike ndoa na ubatizo kwenye vitabu, na mwaka 1614 Papa Paulo wa Tano akatoa utaratibu wa vitabu hivyo, vikiwamo vya mazishi na vya hesabu ya waumini nyumba kwa nyumba. Majina ya koo yalikuwapo zamani kabla ya hapo, ila kitabu ndicho kilichoyafunga. Mtu akiwa ameandikwa Mhunzi, mjukuu wake atabaki Mhunzi hata akiwa mvuvi. Ndiyo maana Italia imejaa mafundi ambao si mafundi. Ferrari, yule wa magari, ni mhunzi. Sartori ni fundi cherehani, Barbieri ni kinyozi, Molinari ni mwenye kinu cha kusagia, Callegari ni fundi viatu, Vaccari ni mchunga ng'ombe.

Na Pistor? Ni mwoka mikate. Tamka na mkazo mwishoni, pis-TOR. Lahaja za Veneto, eneo hili la Treviso na Venezia, zinakata irabu ya mwisho, kwa hiyo utamkuta Pistor hapa, na kwingine Pistore au Pistori. Lakini neno lenyewe ni la Kilatini, na lilipoanzia halikuwa la mkate kabisa. Linatokana na kitenzi *pinsere*, kutwanga. Pistor wa kwanza alikuwa mtu wa mchi na kinu! Nilipolisoma hilo nilimpigia simu mama yangu Tanga usiku uleule. Plinio Mzee, mwandishi Mrumi wa karne ya 1, anasema Roma haikuwa na waoka mikate wa kazi mpaka wakati wa vita na mfalme Perseus wa Makedonia, zaidi ya miaka 580 tangu mji uanzishwe. Mkate ulikuwa shughuli ya wanawake majumbani, na walioitwa *pistores* walikuwa wale waliotwanga ngano ya maganda magumu. Baadaye aliyetwanga akawa ndiye anayekanda na kuoka, na jina likamfuata. Ukienda Roma, pita Porta Maggiore uone kaburi la Eurysaces, mwoka mikate wa karne ya 1 kabla ya Kristo: limejaa matundu ya duara, na juu kuna michoro ya watu wakipima nafaka, wakikanda, wakiingiza mikate tanurini. Maandishi yake yanamwita pistor waziwazi. Mzizi huohuo umezaa *pesto*, ule mchuzi wa Genova wa majani yaliyotwangwa, na hata pistoni ya bodaboda, maana nayo kazi yake ni kupanda na kushuka kama mchi.

Sasa tuje kwenye uadimu, maana hapo ndipo wauza nembo wanapotushika. Jina likiwa la nadra tunadhani ni la watu wakubwa. Mimi nilidhani hivyo. Ukweli ni mkavu zaidi: Pistor ni jina adimu kwa sababu neno lake lilikufa. Sehemu kubwa ya Italia ilimwita mwoka mikate kwa jina la tanuri, *forno*, wakazaliwa kina Fornari, Fornaro na Fornai. Neno pistor lilidumu huku kaskazini mashariki, na jina la ukoo haliwezi kuota mahali ambapo watu hawalitumii neno. Venezia walikuwa na yote mawili, pistor akiwa ndiye anayeukanda mkate na *fornèr* ndiye mwenye tanuri. Hadi leo ukitembea pale utaona Calle del Pistor imeandikwa kwa rangi nyeusi kwenye mistatili myeupe ya ukutani. Nimepiga picha na binti yangu chini ya mojawapo. Yeye alitaka aiskrimu, mimi nilitaka picha.

Uadimu una faida moja kubwa kwa mtafutaji: ukikuta Pistor kwenye kitabu cha kijiji, huchambui watu mia nane kama anayemtafuta Rossi, jina lililojaa Italia. Lakini una mtego pia. Usidhani kila Pistor ni ndugu wa kila Pistor. Kila kijiji kilihitaji mkate, kwa hiyo jina linaweza kuwa limezaliwa mara kumi mahali kumi. Tena majina mengine ya nadra yalianza na mtoto mmoja aliyeokotwa, akaandikwa jina lililomjia karani asubuhi ile.

Na usidanganyike na herufi. Pistolesi na Pistoresi si waoka mikate, ni watu wa mji wa Pistoia. Pistorius, kama yule mwanariadha wa Afrika Kusini, kwa maana ni mwoka mikate kweli, ila njia yake ni nyingine: Wajerumani wasomi wa karne ya 16 walikuwa na mtindo wa kugeuza majina yao yawe ya Kilatini, Becker akajiita Pistorius. Shemeji yangu alishatangaza kwenye chakula cha Jumapili kwamba wana ndugu Pretoria. Ilinibidi niukate undugu huo kabla ya kahawa.

Basi ukitaka kuanza, anza na aliye hai. Nenda ofisi ya manispaa alikozaliwa mzee wa nyumba, omba *copia integrale* ya cheti chake cha kuzaliwa, yaani nakala ya ukurasa mzima. Ile karatasi fupi wanayotoa haraka ina jina na tarehe tu. Nakala kamili ina wazazi, mara nyingi na umri wao, kazi yao na mahali walipokaa. Kutoka hapo unarudi nyuma mtu mmoja kwa mmoja, usiruke. Huku Veneto daftari za serikali ya Italia zinaanza Septemba 1871, kwa sababu eneo hili liliunganishwa na Italia mwaka 1866 tu. Zipo pia za miaka michache ya Napoleon, kuanzia 1806 mpaka 1815. Katikati, eneo hili likitawaliwa na Austria, mwandishi wa serikali alikuwa paroko. Nyingi za daftari za kiserikali unaweza kuzitazama bure kwenye tovuti iitwayo Antenati, ya hifadhi za nyaraka za dola, ingawa si kila mji umeshapandishwa. Zaidi ya hapo ni kubisha hodi kwa paroko. Nenda na mtu anayejulikana pale. Mimi nilijibiwa kwamba kitabu kipo kwenye matengenezo. Nilipokwenda na mama mkwe, kitabu kilipatikana kabatini baada ya dakika tano.

Kosa langu kubwa lilitokea humo sakristia, chumba cha padre kanisani. Wino umegeuka kahawia, mwandiko umelala kama nyasi baada ya mvua, na katika ubatizo mmoja wa karne ya 18 nikasoma: *Antonius filius q. Dominici pistoris*. Nikaamua kuwa "q." ni kifupi cha jina. Huku Veneto wapo kina Quirino, kwa hiyo nikamtafuta Quirino Domenico wiki tatu nzima, kitabu baada ya kitabu, mpaka nikamchora kwenye karatasi ya ukoo na alama ya kuuliza. Mzee mmoja wa kujitolea pale parokiani ndiye aliyeniokoa. Alisoma mstari huo kwa sauti, akaniambia kwa upole kwamba "q." ni *quondam*. Marehemu. Antonio mwana wa marehemu Domenico. Nilikuwa nimemtafuta marehemu kama jina.

Neno la mwisho katika mstari huohuo lina mtego wake. *Pistoris*, p ndogo. Je, ni Domenico Pistor, au ni Domenico aliyekuwa mwoka mikate? Kilatini hakikusaidii, na paroko wa siku zile aliandika herufi kubwa na ndogo alivyojisikia. Njia niliyofundishwa ni kufuata vizazi vitatu. Kama mwana anaitwa pistor, na mjukuu pia, na mahali pengine imeandikwa kwamba mjukuu anafanya kazi nyingine, basi hilo tayari ni jina. Angalia pia neno *detto*, "aitwaye", kwa sababu vijiji vya huku vyenye watu wengi wa jina moja vilizigawa nyumba kwa majina ya utani, na lakabu ya nyumba ndiyo itakayokutofautishia Antonio wako na Antonio wa jirani.

Nilifuata vizazi vyangu vitatu, nikaendelea mpaka vitabu vya enzi za Austria, vyenye safu zilizochapwa tayari, mojawapo ya hali na kazi ya mtu. Nikashuka kwa kidole. *Villico.* Mstari unaofuata, *villico.* Tena, *villico.* Mkulima wa shamba la mtu. Katika watu wote wa jina hili niliowapata kuanzia hapo kuja huku kwetu, hakuna hata mmoja aliyeandikwa kuwa anaoka mkate.

Na hawakuula pia. Mkulima wa Veneto wa karne ya 19 alilima ngano akampelekea mwenye shamba, nyumbani akala polenta, asubuhi na jioni. Polenta, kwa asiyeijua, ni ugali wa mahindi wa rangi ya njano. Mahindi yalikuja kutoka Amerika, lakini ule ujuzi wa wenyeji wa kule wa kuyachemsha na chokaa au majivu haukuja nayo, na mtu anayeishi kwa mahindi tu bila hilo hukosa vitamini iitwayo niasini. Ugonjwa wake ni pelagra: ngozi inapasuka, tumbo linaharibika, mwisho akili inapotea. Hospitali ya vichaa katika kisiwa cha San Servolo, Venezia, ilipokea wagonjwa wengi wa aina hiyo. Sikupata kujua kama yupo wa kwetu humo. Kitabu cha mazishi cha kijijini kilikuwa na sababu ya kifo iliyoandikwa pembeni, na mara mbili mama mkwe aliweka kidole juu ya neno hilo, hakusema kitu, akafunua ukurasa.

Siku nilipopika nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, miaka mingi kabla ya haya yote, nilichukua mwiko nikaisonga polenta bila kuelekezwa, ikakaza, ikaachana na sufuria. Alisimama mlangoni akinitazama. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Tanga, kwa bibi.

Ile karatasi ya simba ameitundika chooni, na kila mgeni anaionyeshwa. Kitabu kinachofuata, cha kabla ya huyo marehemu Domenico, kimehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Kanisa. Nimepewa miadi Jumatano ya wiki ya pili mwezi ujao, saa tatu asubuhi, na mama mkwe ameshaniambia nisithubutu kwenda bila yeye.