Majibu ya TSH na FT4 yasomwe pamoja

Wengi wakipewa majibu ya tezi ya shingo hutafuta herufi H (juu) au L (chini) pembeni ya namba, wakiiona tu presha inapanda. Herufi hiyo peke yake haikwambii ugonjwa.

FT4 ni homoni ya tezi ya shingo iliyo huru kwenye damu. TSH ni homoni pia, lakini haitengenezwi na tezi ya shingo. Inatoka kwenye pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo. Tezi ikizembea, TSH hupanda. Ikizidisha kazi, hushuka. Kwa hiyo TSH kubwa kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa homoni, na hapa ndipo watu wanapoelewa kinyume.

Kwa mtu mzima maabara nyingi huweka kawaida ya TSH kati ya 0.4 na 4.0 mIU/L hivi. Ikiwa juu huku FT4 iko chini, tezi imeshindwa kazi. Ikiwa 6, tuseme, na FT4 ni ya kawaida, mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3 pamoja na kingamwili za TPO (kinga ya mwili inayoishambulia tezi) kabla ya kuanza dawa. TSH chini na FT4 juu, homoni zimezidi. TSH chini na FT4 ya kawaida, uliza kuhusu FT3, homoni nyingine ya tezi. FT4 ikiwa chini na TSH haijapanda, daktari aiangalie pituitari. Ukipima TSH peke yake, tatizo hilo linapita bila kuonekana.

Angalia na vizio. Ukipima Kariakoo ukapata FT4 1.1 ng/dL, kisha Mwananyamala ukapata 14 pmol/L, hujapanda hata kidogo: ng/dL zidisha kwa 12.87. Bora ubaki na maabara moja, na karatasi za zamani usizitupe.

Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini huvuruga baadhi ya mashine, majibu yakaonekana kama homoni zimezidi. Acha angalau siku 2 kabla ya kupima, na kama dozi ni kubwa muulize daktari. Anayetumia levothairoksini (dawa ya kujazia homoni ya tezi) atolewe damu kabla ya kumeza dozi ya siku hiyo. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki 6 hadi 8, TSH haikimbii.

Dawa hiyo humezwa kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, hasa chai ya maziwa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisi viachane nayo saa 4. Mama mjamzito anayepewa vidonge hivyo kliniki mara nyingi huvimeza vyote asubuhi kwa mkupuo, TSH ikapanda, na dozi ikaongezwa bila sababu. Ujauzito nao una viwango vyake: miezi 3 ya mwanzo TSH hushuka yenyewe.

Kwa anayetumia kabimazoli (dawa ya kupunguza homoni zilizozidi), TSH inaweza kubaki chini kwa miezi kadhaa hata FT4 ikisharudi sawa, hivyo fuata FT4. Akipata homa au koo kuuma, asimeze dozi inayofuata. Aende hospitali siku hiyohiyo apimwe FBP (kipimo cha chembe za damu), asisubiri tarehe ya kliniki.