Hesabu miezi kabla ya shilingi

Vijana mnaoanza kuweka fedha kwenye biashara hapa Zanzibar, likitokea janga huwa mnauliza hasara ni shilingi ngapi. Mimi huuliza kwanza fedha zitakaa muda gani bila kuingia.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mkarafuu ukiupanda leo, utasubiri miaka sita au zaidi ndipo uchume cha maana. Basi aliyekuwa na shamba na deni alikuwa amepoteza miaka, na mdai hangoji miaka. Pemba, ambako mikarafuu ilisalimika zaidi, ilikuta bei imepanda, na hadi leo ndiko karafuu nyingi zinakotoka. Kwa hiyo msiseme "karafuu imekufa" kabla hamjauliza shamba liko kisiwa gani.

Umeme ndio uliotufunza zaidi. Mwaka 2008 njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara iliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi. Aliyejiwekea akiba ya mwezi mmoja akajiona mjanja. Disemba 2009 umeme ukakatika tena, mara hii kama miezi mitatu. Hakuna hata ukuta ulioanguka, lakini mafuta ya jenereta yalikula faida ya msimu mzima. Ubaya mliokwisha kuuona msiufanye kikomo. Uzidisheni mara tatu, kisha mtazame kama bado mnasimama.

Namna ya kutazama ni rahisi, ingawa haipendezi. Andika matumizi yasiyosita: mishahara, kodi, rejesho la benki. Jifanye haingii hata senti miezi mitatu, sita, mwaka. Ndege za watalii zilipositishwa 2020, niliona watu wenye nyumba ya wageni Nungwi, teksi na duka la viungo wakidai wametawanya mtaji. Wapi! Vyote vitatu vilimngoja mgeni yuleyule ashuke uwanjani.

Bima nayo isomeni mpaka mwisho. Ya moto hulipia jengo. Mapato yaliyokosekana mara nyingi huwa ni mkataba mwingine.

Na akija mtu wiki ya pili baada ya janga anauza hoteli kwa bei ya kutupa, mwombeni kwanza daftari la madeni na karatasi za ardhi. Akisitasita, mwacheni aende zake.