Kabla Hujaandika Orodha ya Manunuzi, Fungua Kabati

Mwaka ambao mume wangu alipunguzwa kazini, mshahara wangu mmoja ulibaki ukilisha watu watano: sisi wawili, watoto wetu wawili wa shule na mama mkwe. Nikaanza kukata. Matunda niliyaondoa kwanza, kwa sababu niliyahesabu kuwa anasa. Mboga nikazipunguza. Palipobaki wazi nikajaza wanga, mafuta na sukari, vitu vinavyoshibisha kwa hela ndogo. Na kweli hakuna aliyelala njaa. Lakini baada ya miezi michache binti yetu akawa mchovu kila siku, anasinzia juu ya madaftari, akipanda ngazi anahema. Tulipompeleka kupimwa tukaambiwa damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Nilirudi nyumbani na dawa mkononi na moyo mzito. Nilikuwa nikipika kila siku, na mtoto alikuwa akishiba bila kulishwa.

Naandika kwa ajili ya mzazi aliye pale nilipokuwa. Lishe sikuisomea darasani. Nina miaka kadhaa ya kupika kwa bajeti iliyobana, na nimeuliza na kusoma kila nilipopata nafasi.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe. Nilikuwa nikilalamika kwamba bila nyongeza ya hela hatuwezi kurudisha matunda mezani. Akasema, "Mwanangu, kabla hujatafuta hela ya kuingiza chakula, hebu tuangalie chakula kinachotoka." Tukachukua daftari la zamani la mtoto, na kwa mwezi mzima tukaandika kila kilichotupwa. Nusu fungu la mboga za majani, zimenyauka. Wali, umechacha. Nyanya tatu zilizooza chini ya wenzake. Mkate wenye ukungu. Mchuzi uliosahaulika nyuma ya jokofu. Kila kimoja peke yake hakikuwa kitu, ila bandu bandu huisha gogo. Mwisho wa mwezi nilipiga hesabu, nikaona kwamba vile tulivyotupa vingetosha kununua matunda yote niliyoyafuta, na chenji ikabaki. Wala si sisi tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Chakula hicho kilikuwa kimeshalipiwa, kimeshabebwa hadi jikoni.

Tangu hapo mpango wangu wa wiki hauanzi na mapishi wala na orodha ya manunuzi. Unaanza na kabati na jokofu. Siku moja kabla ya kununua natoa kila kitu, nakitazama, nakigawa: hiki lazima kiliwe kesho au keshokutwa, hiki kinasubiri wiki, hiki kikavu kinakaa. Halafu najiuliza kilichopo kinahitaji mwenzake gani ili kiwe mlo. Karoti mbili na robo ya kabeji zikiwepo, ninachohitaji ni dengu na kitunguu. Hivyo ndivyo orodha inavyojiandika, na mara nyingi huwa fupi kuliko nilivyodhani.

Kosa langu la zamani lilikuwa kupanga milo saba kwa siku saba. Wiki haiendi hivyo. Siku moja mtu anachelewa, siku nyingine wageni wanakuja, na mboga uliyoinunulia siku hiyo inaanza kuoza. Sasa napanga milo mitano ya jioni. Wa sita ni wa viporo, wa saba nauacha wazi, nao hujazwa na mayai au chochote kilichobaki. Na mpangilio wa siku unafuata umri wa mboga. Mboga za majani huliwa siku mbili za kwanza. Nyanya, bilinganya na maharage mabichi hufuata. Kabeji, karoti, boga na vitunguu husubiri mwisho wa wiki, maana hivyo vina subira. Sina kanuni nyingine iliyoniokolea hela nyingi kama hii, na haikunigharimu chochote.

Sasa niongelee jamii ya kunde, na hapa sitafanya haraka, kwa sababu ndiyo iliyotubeba.

Maharage, dengu, choroko, kunde, njegere kavu: hizi ni protini, madini ya chuma, nyuzinyuzi na folati (vitamini mojawapo ya kundi B) kwa pamoja, na zikiwa kavu hukaa miezi bila jokofu. Kikombe kimoja cha maharage makavu kikiiva hutoa vikombe viwili na nusu hadi vitatu, kwa hiyo usilinganishe bei ya kilo ya maharage makavu na kilo ya nyama kana kwamba ni kilo sawa. Protini hujengwa kwa vipande viitwavyo asidi za amino: ya kunde ina upungufu wa kimoja kiitwacho methionini, ya nafaka ina upungufu wa laisini, na kila moja inayo kwa wingi ile inayokosekana kwa mwenzake. Ndiyo maana maharage na wali ni mlo kamili kuliko watu wengi wanavyoudhania. Tena si lazima vikae sahani moja. Vikiliwa siku hiyohiyo vinatosha.

Watu hulalamika kwamba maharage yanakula mafuta ya jiko au umeme. Ni kweli, na nishati ni sehemu ya bei ya chakula ingawa hatuiandiki kwenye orodha. Mimi naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, naosha, kisha nachemsha sufuria kubwa mara moja kwa wiki. Yakiiva nayagawa kwenye vyombo vidogo, kila kimoja mlo mmoja, na kuyagandisha. Nyanya na ndimu havigusi sufuria mpaka maharage yalainike, kwa sababu vitu vichachu huyachelewesha kuiva. Kuunga ni kazi ya siku ya kula, na huchukua dakika kumi na tano tu. Siku ambayo sikupanga mapema, napika dengu ndogo nyekundu zilizokobolewa, ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva upesi.

Jambo moja la usalama ambalo sikulijua zamani: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha vibaya. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Mwenye chombo cha kupika polepole kwa moto mdogo asiyaweke mabichi moja kwa moja, kwa maana joto lake linaweza lisitoshe kuivunja sumu hiyo.

Kwa binti yetu, maharage peke yake hayakutosha, na hili ningependa kila mzazi alielewe. Madini ya chuma yaliyo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida mwilini. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huohuo huyafanya yafyonzwe zaidi; chai na kahawa huyazuia. Nasi tulikuwa na desturi ya kunywa chai pamoja na chakula. Tukaihamisha chai, ikawa ya katikati ya milo, angalau saa nzima mbali na chakula. Kwenye sahani ya maharage tukaongeza ndimu, nyanya mbichi, kabeji iliyokatwa nyembamba bila kupikwa, au chungwa baada ya kula. Dawa alimaliza kama alivyoandikiwa, na sitaki mtu adhani ndimu ni dawa ya upungufu wa damu. Ukiona dalili kama hizo, mpeleke mtoto akapimwe. Lakini damu yake ilipanda na mpaka leo haijashuka tena, na naamini sahani ina mkono wake hapo.

Nyama hatukuiacha. Tuliibadilisha nafasi. Zamani ilikuwa vipande vinavyohesabiwa kwa kila mtu. Sasa naikata ndogondogo, naipika ndani ya dengu au mboga, na kiasi kilichokuwa cha mlo mmoja kinafika milo mitatu. Maini tunayapika mara mojamoja, maana yana chuma inayofyonzwa vizuri, ingawa mjamzito anapaswa kuyaepuka kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Yai moja lina protini kama gramu 6, na hakuna kitu kinachoiva upesi kama yai. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yake huleta kalsiamu pia.

Kuhusu mboga na matunda, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu wa miaka 10 na kuendelea, na kiasi kidogo zaidi kwa walio chini ya hapo. Viazi na mihogo havihesabiwi humo. Nilipopima kwenye mizani nilishtuka: nyumba nzima tulikuwa hatufiki hata nusu. Tulipanda taratibu, mboga moja zaidi kwa mlo, tunda moja kwa siku, lile la msimu, ambalo kila mahali ndilo rahisi na ndilo tamu. Mboga naziosha kabla ya kukata, nazipika kwa maji kidogo na muda mfupi, na maji yake simwagi, kwa sababu vitamini C na folati huyeyuka humo. Kijiko cha mafuta kinasaidia mwili kupata vitamini A iliyo kwenye karoti, boga na majani. Chumvi naipima: isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, sawa na kijiko kidogo cha chai, na vile vidonge vya kukolezea mchuzi vimejaa chumvi, kwa hiyo navyo vinahesabiwa.

Kiporo kinahitaji heshima. Kinaokoa hela, lakini kikitunzwa vibaya kinaleta hospitali, na hapo akiba yote imekwenda. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kigawe kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi, kisha jokofuni, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Kilichopikwa vizuri hukaa humo siku 3 hadi 4. Wali ninauogopa zaidi: una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukiachwa mezani usiku kucha hutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa ukatokota. Sisi tunaumaliza siku inayofuata. Kupasha ni mara moja tu, mpaka mvuke utoke hadi katikati. Asiye na jokofu apike kinachoisha kwa mlo huo; kipimo kidogo ndiyo akiba yake.

Dukani sina mengi. Linganisha bei kwa kilo, usiangalie ukubwa wa pakiti. Pakiti kubwa ni rahisi kama tu utaimaliza. Daftari letu lilionyesha tulichokuwa tukinunua kingi kwa bei nafuu na kutupa nusu. Tarehe ya "itumike kabla ya" ni ya usalama, iheshimu. Ile ya "bora kabla ya" ni ya ubora, na chakula kikavu kilichofungwa vizuri mara nyingi bado ni kizuri siku kadhaa baadaye.

Watoto watakataa. Mwanangu alikataa dengu mwezi mzima, na nilikuwa karibu kukata tamaa. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali, kwa hiyo niliweka kijiko kimoja kwenye sahani yake, pembeni ya kitu anachokipenda, bila kumlazimisha na bila kumwahidi peremende. Kingine kilichosaidia ni kumpa uchaguzi mdogo: "Leo karoti au boga?" Akishachagua, anakula alichochagua.

Na kuna ile wiki ya mwisho ya mwezi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitushinda kila mara. Tungeanza mwezi kwa kula vizuri na kuumaliza kwa wanga mtupu. Sasa siku ya mshahara, kabla ya kununua kingine chochote, tunanunua chakula cha wiki hiyo ya mwisho: kilo za maharage na dengu, nafaka, mafuta kidogo, samaki wakavu. Vyote vinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na hela ya mboga, mayai na matunda ya wiki hiyo inakunjwa kwenye bahasha na kuwekwa humohumo. Zinazobaki ndizo hela za wiki tatu. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa migumu, maana wiki tatu zilibana. Ndoo ile anaikalia mama mkwe, ipo chini ya kitanda chake, na hata mimi nikiitaka kabla ya tarehe huniuliza kwanza nimeangalia kabatini.