Kuandika kitabu huku umeajiriwa: kilichonisaidia mpaka nikamaliza

Watu wakisikia nimemaliza kitabu na bado naenda ofisini siku tano kwa wiki huwa wananiuliza kitu kimoja, mda ulipata wapi? Na mimi kwa miaka nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, nikiamini kuna siku mambo yatatulia alafu ndo nitakaa niandike vizuri. Basi siku hiyo nikaitengeneza mwenyewe. Nikaomba likizo ya wiki mbili, sikusafiri, sikupokea mgeni, niko mezani asubuhi mpaka jioni. Nikamaliza likizo na kurasa 11, na karibu nusu yake nilikuja kuzifuta.

Iliniuma sana ile. Nilirudi kazini nikijua kabisa kwamba mimi sio mwandishi, maana nimepewa mda wote niliokuwa naulilia na sikuleta kitu. Ilinichukua mda kuelewa tatizo lilikuwa nini: kabla ya hiyo likizo nilikuwa sijaigusa stori yangu kwa miezi minne. Kwa hiyo siku za mwanzo zote ziliishia kwenye kusoma upya na kujiuliza maswali, huyu mama nilisema ana watoto wangapi, alihama kabla baba yake hajafa au baada, msimuliaji alikuwa anaongea kwa ukali au kwa upole, yaani nilikuwa kama mgeni kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nilipoanza kuizoea tena likizo ikaisha.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu masaa. Usikubali stori yako ilale zaidi ya siku mbili. Hata ukirudi umechoka mpaka huoni vizuri, fungua faili, soma aya ya mwisho, badilisha neno moja likikukera, funga, kalale. Hizo ni dakika tano tu lakini kesho yake kichwa kinajua kilipoishia, na utashangaa sentensi zinakuja zenyewe ukiwa bafuni au kwenye foleni. Mimi kazi yangu ni ya uhasibu na kila mwisho wa mwezi tunafunga hesabu, kwa hiyo wiki hiyo sijiwekei lengo lolote la kuandika, nasoma hiyo aya moja tu basi. Zamani nilikuwa najilazimisha alafu nashindwa alafu najichukia, na hasira hiyo ndo ilikuwa inanifanya nikae wiki tatu sigusi kitu.

Sasa kuhusu saa ya kuandika. Nilianza na usiku kwa sababu ndo nyumba inakuwa kimya, nikawa nalala saa 8 usiku, naamka saa 12. Mwezi haukuisha nikapeleka kwa bosi ripoti yenye tarakimu mbili zimegeuzwa, na bahati nzuri iligundulika kabla haijatoka ofisini. Nikajiambia hapana, mshahara ndo unalipa umeme ninaoandikia, siwezi kuuchezea. Na zile kurasa za usiku nilipozisoma nikiwa nimelala vizuri hazikuwa na uhai. Nikahamia alfajiri, saa 11 na nusu mpaka saa 12 na dakika 10, simu ikiwa chumba kingine, na ili hiyo alfajiri iwezekane nikaanza kulala saa 4. Kama wewe una shifti, au una mtoto mchanga, au akili yako inaamka jioni, tafuta saa yako. Cha muhimu usiitoe kwenye usingizi, itoe kwenye kitu kingine. Mimi niliitoa kwenye simu na kwenye tamthilia za usiku.

Dakika 40 zinaonekana kidogo, najua. Kwangu zilikuwa zinatoa kama maneno 300. Piga hesabu: 300 kwa siku tano ni 1,500, na kwa wiki 40 unapata 60,000, ambayo ni riwaya kamili. Mimi ilinichukua miezi 14 kufika huko kwa sababu kuna kuumwa, kuna misiba, kuna hizo wiki za kufunga hesabu. Miezi 14 ni mirefu ukiwa ndani yake, lakini ingepita tu hata kama nisingeandika.

Alafu usiandike mpaka ukauke. Hili nilijifunza kwa shida. Saa ikifika acha hata kama uko katikati ya sentensi, na uandike chini yake mstari mmoja unaosema kesho nini kinatokea, mfano "anafungua barua, anagundua mwandiko sio wa kaka yake". Kesho ukikaa huanzi na ukurasa mweupe.

Na sio sisi tu tulioanza haya mambo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, alianzia forodha, na tazama alichotuachia. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1970 akiwa mhariri kwenye kampuni ya vitabu na analea watoto wawili peke yake, alikuwa anaandika kabla hawajaamka. Anayenigusa zaidi ni Anthony Trollope wa Uingereza, aliyefanya kazi posta zaidi ya miaka 30 na akaandika riwaya 47. Alikuwa anakaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Wengi wanamsimulia kwa hiyo spidi, lakini mimi naangalia kitu kingine: nusu saa ya kwanza alikuwa anaitumia kusoma alichoandika jana. Mtu mwenye spidi ile bado alikuwa anarudi kwanza kwenye stori ndo anaendelea.

Kuhariri ni kazi nyingine kabisa, na hapa zile dakika 40 hazitoshi. Kuandika unaweza kula vipande vipande ila kuhariri kunataka uione sura nzima, ikiwezekana sura tatu kwa mkupuo, la sivyo hutaona kwamba umesema jambo lile lile mara mbili. Nilichapisha rasimu nzima kwenye karatasi, nikaelewana na mume wangu kwamba Jumamosi asubuhi nne kwa mwezi ni zangu, na Jumapili zote ni za familia, sigusi hata kalamu. Kuongea nao mapema kunasaidia sana, maana wakijua utamaliza saa ngapi hawakugongei mlango. Na ukiwa bado unaandika rasimu ya kwanza usirudi kurekebisha sura ya kwanza, tafadhali. Mimi niliiandika mara sita na mwisho wa siku nikaifuta yote.

Mawili ya haraka. Usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi wala mda wa ofisi, na usome mkataba wako wa ajira, mikataba mingine ina kipengele kinachoipa kampuni haki juu ya kazi unazotengeneza ukiwa mwajiriwa. La pili, kila ukimaliza kuandika jitumie faili kwa barua pepe. Laptopu yangu ilikufa na sura tatu ndani, na nilipoziandika upya hazikurudi kama zilivyokuwa, mpaka leo kuna mazungumzo ya mama na binti yake ambayo nayakumbuka nusu nusu.

Sahivi niko kwenye kitabu cha pili, sura ya nne. Wiki hii tunafunga hesabu na leo ni siku ya pili sijakifungua, kwa hiyo naishia hapa nikasome ile aya yangu kabla sijalala.