Mpe Orki Deni Kabla ya Kumpa Shoka

Tangu Dungeons & Dragons itoke mwaka 1974, orki, kiumbe katili wa hadithi mwenye meno kama ya ngiri, huingia katika michezo kama huo ya kuigiza wahusika mezani akiwa na shoka na hasira, basi. Mchezaji akimwona tu, anarusha dadu kumshambulia. Ukitaka asite kwanza, mpe orki wako jambo ambalo silaha haiwezi kulimaliza. Jambo hilo hutoka kwenye riziki yake, si kwenye vita vyake.

Kwa hiyo, unapowatungia maorki mila zao, usianze na miungu wala orodha ya wafalme. Anza na kitu kimoja walicho nacho tele na kimoja kinachowapungukia. Sisi wa Lamu mfano tunao mlangoni. Waweke maorki kwenye visiwa vya mikoko: miti tele, maji ya kunywa haba, visima vyenye chumvi. Kisha ongeza pepo za msimu. Kusi ikishika, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, bahari huchafuka na vyombo vingi hukaa. Kaskazi ikirudi, safari hufunguka. Hapo kalenda yao imeshapatikana: misafara na mashambulizi ni ya kaskazi, ndoa, kesi na kulipana madeni ni vya kusi, maana wakati huo hakuna pa kukimbilia.

Madeni ndiyo yenye utamu. Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Wape maorki hesabu hiyo: damu ya mtu ni korija tatu, ahadi iliyovunjwa korija moja, na deni la marehemu humwangukia aliyemzika. Sasa wachezaji wakimkuta orki amekufa njiani wakamzika kwa huruma, wamejitwisha deni bila kujua. Wakifika kijijini watadaiwa. Wanaweza kulipa, kukana, kutafuta mdhamini, au kuingia mikokoni kukata miti. Mila moja imezaa njia nne, na msimulizi anayeongoza mchezo hakusoma hata ukurasa. Mila isiyomlazimisha mchezaji kuchagua kitu, ifute.

Vyeo navyo vitoke hapo hapo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kutoka mti mwembamba hadi mnene. Fito hasemi barazani mpaka apate boriti wa kumsemea.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kuwafanya maorki wote waamini jambo moja. Gawa mji mitaa miwili inayoshindana, kama Mkomani na Langoni hapa Lamu. Mtaa mmoja useme mgeni harithi deni la maiti, mwingine useme anarithi kama yeyote. Usiamue nani ana haki. Huo ugomvi waachie wachezaji.

Kosa zito zaidi ni kuchukua watu walio hai, Waaweer au Waorma kwa mfano, ukawabandika meno ya ngiri. Hao ni jirani zetu, na hilo ni tusi. Tazama desturi inafanya kazi gani, uache sura yake. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya pembe ya ndovu iliyoko makumbusho ya Lamu ilipulizwa kwenye shughuli za wakubwa. Usiwape maorki siwa. Jiulize: kwao ni sauti gani inayofanya jambo liwe rasmi, na nani ana idhini ya kuitoa? Pengine ni kugonga ubavu wa jahazi bovu lililopinduliwa pwani, na mwenye nyundo ni mjane mmoja tu.

Kwa kuanzia, ukurasa mmoja unatosha: mila tatu, ugomvi mmoja, methali mbili za kutunga, na majina ishirini ya akiba. Majina yawe ya silabi mbili au tatu, na wahusika wakuu wasianze na herufi moja, wachezaji huwachanganya. Historia ya miaka elfu isubiri mpaka mtu aiulize. Lakini kila bei na kila hukumu uliyoitamka mezani iandike daftarini papo hapo, kwani damu ikiwa korija tatu leo na tano wiki ijayo, hakuna mchezaji atakayekubali kulipa.